Boya la Nne

Kocha alikuwa amevaa fulana iliyopigwa pasi, mikunjo miwili imesimama wima mabegani, na hilo peke yake lilitosha kumkera Afande. Siku sita baada ya mwanafunzi wako kuvunjika shingo, moyo wa kushika pasi unautoa wapi?

"Karibu, Afande. Nikuletee chai?"

"Sikuja kunywa. Nieleze upya, tangu mwanzo."

"Nilishamweleza koplo wako."

"Umemweleza yeye. Mimi bado."

Koplo, mtu mzima mwenye kitambi na daftari la mfukoni, alijiegemeza mlangoni. Alimjua bosi wake. Akianza kuongea polepole namna ile, ujue maji yamekwisha kuchemka.

Ofisi ya shule ilikuwa chumba cha mbao kando ya ziwa, chenye dirisha moja lililotazama maji. Matanga yaliyokunjwa yalirundikwa kwenye kona. Ukutani palikuwa na kibao cha rangi nyekundu: CHINI YA KIFUA, HUCHEZI. Hapa walifundisha ubao wa tanga, na si kwenda na kurudi tu, bali mitindo huru yenyewe: kuruka, kuzunguka, kugeuza ubao hewani.

"Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi," alianza Kocha. "Upepo ulikuwa mzuri. Tiara aliingia majini kabla ya wenzake kufika. Tunamwita Tiara kwa sababu akipata upepo hashikiki. Akavuka mstari wa maboya, ambao mitindo huanzia nyuma yake, akafika kwenye kina, akajaribu mtindo ambao sijamruhusu. Unaurusha ubao nje ya maji, unaugeuza nyuma mbele, unatua ukiteleza kinyumenyume. Akakosea. Akaachia upau wa kushikia, mlingoti ukamwangukia kichwani. Helmeti hakuvaa. Ndiyo hivyo."

"Ndiyo hivyo," Afande alirudia.

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba jalada lilikubaliana na Kocha neno kwa neno. Ndani yake palikuwa na maelezo ya Tiara mwenyewe, msichana wa miaka kumi na tisa, aliyoyatoa akiwa kitandani hospitali: nilijaribu mtindo nisioruhusiwa, kwenye kina, bila helmeti, kosa ni langu. Sahihi ilitetemeka, lakini ilikuwa sahihi. Mkuu wa kituo alitaka jalada lifungwe leo kabla ya saa tisa. Kwake kesi ilikwisha siku majeruhi alipojitia hatiani kwa mkono wake.

Kwa Afande haikuisha, na sababu ilikuwa mstari mmoja wa daktari: mchanga na chembe za kokoto kwenye ngozi ya utosi. Mlingoti hauna kokoto.

"Simama," alimwambia Kocha. "Nionyeshe jinsi ya kuanguka."

"Nini?"

"Wewe si mwalimu? Chukua ule ufagio, ndio upau. Anguka."

Kocha alicheka. Alipoona hakuna anayecheka naye, akasimama, akashika mpini wa ufagio kwa mikono miwili.

"Huruki kwa miguu, wala hutangulizi kichwa," alisema, akijilegeza taratibu mpaka akakaa sakafuni na kulala chali. "Unaangukia makalio na mgongo, bapa, ili usizame sana. Hunyooshi mkono kujizuia, bega litachomoka. Na upau huuachii. Ukiushika, mlingoti unabaki mbali na uso wako. Ukiuachia, unaukaribisha. Ukiibuka, mkono mmoja juu ya kichwa, maana hujui ubao umeelea wapi."

"Tiara ulimfundisha hayo?"

"Miezi minne, kabla ya mtindo wowote. Hapa hakuna anayeruka bila kuanguka mara hamsini mbele yangu."

"Na katika wanafunzi wako, bora wa kuanguka ni nani?"

Kocha alikawia. Alikuwa bado amelala chali na ufagio kifuani, na fulana ya pasi imeshajikunja.

"Yeye," alisema.

"Basi bora wa kuanguka ndiye aliyesahau somo la kwanza. Inuka."

Alipokuwa akijifuta vumbi, Afande aliokota barua iliyokuwa mezani. Ilitoka kwa chama cha wazazi, ambacho ndicho kilichoendesha shule na kumwajiri Kocha. Iliandikwa kwa hasira, kalamu imekwaruza karatasi. *Kwa mara ya pili tunaandika: tunataka mstari wa maboya uletwe karibu, mita arobaini kutoka ufukweni, ili watoto waonekane na wafikiwe haraka. Mara ya kwanza mlitupuuza, na mtoto ameumia huko mbali kwenye kina. Leo saa tisa tutakuja kusimamia wenyewe, ndipo mazoezi yaanze.* Chini yake, sahihi ya mwenyekiti: mama mzazi wa Tiara.

"Leo saa tisa," alisema Afande.

"Ndiyo."

"Watoto wangapi?"

"Kumi na mmoja. Mdogo wao ana miaka kumi na miwili."

"Sasa mstari uko wapi?"

"Mita mia na kidogo. Kina mita tatu."

"Na huko kwenye mita arobaini, kina kiasi gani?"

Kocha alikitupia jicho kibao chekundu, kisha akatazama dirishani. "Panatofautiana."

"Panafika kifuani?"

"Nimesema panatofautiana, Afande. Mimi ni mwajiriwa. Wazazi wakisema, nafanya."

Afande aliirudisha barua mezani. Angeendelea, angempiga mtu kwa ufagio.

* * *

"Nina jambo," Koplo alinong'ona walipokuwa wakielekea karakana. "Fundi wa vyombo. Wiki moja kabla ya ajali aligombana na Tiara hadharani. Walipigiana kelele kuhusu mikanda ya miguu, ile iliyo juu ya ubao. Siku ya ajali alikuwa hapa. Nilimhoji, jibu lake lilikuwa fupi mno."

"Fupi vipi?"

"Alisema, 'Ndiyo, tuligombana.' Basi."

"Na wewe ukamuuliza nini kingine?"

Koplo alifungua daftari lake, akalifunga.

Fundi alikuwa mfupi, mwenye gundi iliyokauka kwenye kila kidole. Alikuwa akiziba ufa kwenye ubao, na alipowaona hakuacha kazi.

"Mmekuja kunikamata au kuniuliza?" alisema.

"Inategemea," alijibu Afande. "Mlikuwa mkigombea nini na Tiara?"

"Alitaka nimlegezee mikanda ili mguu uingie wote. Nikakataa. Mkanda unashika nusu ya unyayo, si zaidi! Ukimeza mguu mzima, siku ukianguka ubao unaondoka na kifundo chako. Nikamwambia akitaka kuvunjika akavunjikie kwa fundi mwingine. Akaniita mzee king'ang'anizi. Nikamwita kichwa maji. Kesho yake akarudi, akaomba radhi, mikanda ikabaki nilivyoiweka. Mtoto yule anaogopa kuumia kuliko nyinyi nyote mnavyodhani. Ndiyo maana anaweza."

"Anaogopa kuumia, halafu anaingia bila helmeti?"

Fundi aliweka brashi chini.

"Nani kasema hakuvaa?"

"Kocha. Na yeye mwenyewe."

Fundi alikwenda nyuma ya mapipa ya gundi akitukana kwa sauti ya chini, akarudi na mfuko. Akautua juu ya meza kwa kishindo. Ndani yake mlikuwa na helmeti ya bluu na pezi la plastiki la rangi ya machungwa, lile dogo linalofungwa chini ya ubao upande wa nyuma.

"Niliambiwa nivitupe Jumamosi ile ile. Mimi situpi chombo kilichookoa mtu."

Afande aliigeuza helmeti. Pembeni ilikuwa safi kabisa, haina hata mchubuko wa mlingoti. Utosini ilikuwa imepasuka kama ganda la yai, na ndani ya ufa vijiwe vitatu vilikuwa vimeng'ang'ania. Pezi lilikuwa limemeguka ncha, na mahali palipomeguka palikuwa na unga wa kijivu.

"Nani alikuambia utupe?"

"Hapa ananiamuru nani zaidi ya Kocha?"

"Na umekaa kimya siku sita!"

"Mliniuliza?" Fundi alimwelekezea Koplo kidole chenye gundi. "Huyu bwana alikuja, akaniuliza kama niligombana na mtoto. Nikamjibu nilichoulizwa. Akafunga daftari, akaenda zake. Nikasema haya, serikali imeridhika."

Koplo alipata shughuli ya ghafla ya kutazama viatu vyake. Afande alimkazia jicho moja tu. Mengine aliyaweka akiba.

"Fundi, mimi kuogelea sijui," alisema. "Nielimishe. Mtu akianguka kwenye kina cha mita tatu, kokoto linamfikiaje utosini?"

"Halimfikii. Maji marefu ndiyo godoro letu, Afande. Watu wa nchi kavu wanafikiri maji mafupi ndiyo salama, kwa sababu wao wanaogopa kuzama. Sisi na fulana za kuelea hatuzami. Sisi tunaogopa chini. Huyu aliangukia chini."

"Siku ile uliona nini?"

"Nilikuwa humu ndani, nikasikia Kocha anapiga yowe. Nilipotoka alikuwa ameshambeba, yupo karibu na nchi kavu. Nikamshika miguu, tukamweka kwenye gari. Macho yangu yalikuwa kwa mtoto, zaidi ya hapo sikuona."

"Alikuwa akiogelea au akitembea?"

Fundi alifikiri. Uso wake ulibadilika.

"Akitembea," alisema. "Na nywele zake zilikuwa kavu."

* * *

Maboya yalikuwa sita, yamepangwa mstari mmoja. Kila moja lilishikiliwa na kamba na jiwe la saruji lililolala chini. Fundi aliendesha mashua ya injini. Koplo, kama adhabu, alipewa kazi ya kuvuta.

Boya la kwanza halikuwa na kitu, ila saruji yenye utelezi wa kijani. La pili, la tatu, vivyo hivyo. Koplo alikuwa akihema, shati limeloa mpaka mgongoni. Jiwe la nne lilipofika ukingoni mwa mashua, Afande aliinama akalishika kwa mikono yake.

Juu ya saruji, kwenye kona, palikuwa na mkwaruzo mpya wa urefu wa kidole. Ulikuwa wa rangi ya machungwa.

Fundi alitoa pezi mfukoni, akalilaza juu yake. Ncha iliyomeguka ikakaa mahali pake.

"Haya!" Koplo alifurahi. "Basi aligonga jiwe la boya, hapa hapa kwenye kina. Kocha hakukosea sana."

"Shusha kamba," alisema Afande. "Kina kiasi gani hapa?"

Fundi alishusha kamba yenye uzito. "Mita tatu na robo."

"Jiwe lina urefu gani?"

"Juu kidogo ya goti."

"Koplo, pima pezi. Tumia mkono wako."

Koplo alitanua kidole gumba na cha mwisho. Pezi halikujaza hata shubiri moja. Alilitazama pezi, akayatazama maji, akalitazama jiwe.

"Kumbe," alisema.

"Ndiyo, kumbe. Ubao unaelea juu. Chini yake pana pezi lisilofika shubiri. Jiwe limelala kwenye kina cha karibu watu wawili. Pezi lilishukaje kwenda kulikwaruza? Liliogelea?" Sauti ya Afande ilikuwa imepanda mpaka ndege waliokuwa juu ya maji wakaruka. "Jiwe hili halikuwa hapa Jumamosi! Lilikuwa mahali ambapo maji yanafika mapajani. Fundi, hiyo sehemu ya mita arobaini ikoje?"

"Sehemu kubwa ni kiunoni. Na katikati pana kilima cha mchanga." Fundi alipima kwa jicho kutoka boya hadi ufukweni. "Ukilivuta la nne moja kwa moja, linakaa juu ya kilima."

Ilikuwa wazi sasa. Mtoto alivuka mstari kama kanuni ilivyotaka, akishika kasi kukifuata kina kilicho nyuma ya mstari. Pezi likagonga jiwe, ubao ukasimama papo hapo, yeye akaendelea. Mara hamsini za kuanguka bapa hazina maana ubao ukikutema kichwa mbele.

Kocha alikuwa amewasubiri kwenye gati. Alipoona jiwe limelala ndani ya mashua hakuhitaji kuambiwa.

"Uliyasogeza lini?" Afande aliuliza kabla hajashuka.

"Jumamosi. Alfajiri."

"Na ukayarudisha?"

"Jioni ile ile."

"Baada ya kuosha mikono hospitali."

"Afande, nilikataa mara mbili!" Kocha alipiga kelele sasa, na ilikuwa mara ya kwanza Afande kusikia sauti yake halisi. "Wiki ile upepo ulimbeba mtoto mmoja, tukamfuata mbali. Wazazi wakaingiwa na hofu. Mwenyekiti akaja hapa na barua, nataka mwanangu nimwone, nataka afikiwe. Nikamwambia mama, hapo ni pafupi. Akasema, pafupi si ndiyo pazuri? Mara ya tatu akaniambia nisipofanya watatafuta kocha mwingine. Nikasema potelea mbali, nitayasogeza kwa siku moja, waone, wafurahi, niyarudishe."

"Ukamwacha binti yake aingie."

"Tulisema aingie taratibu, apime tu upepo. Alijua yamesogezwa. Nilimwambia ni agizo la mama yake. Akacheka, akasema, 'Mama akitaka lake hashindwi.' Kilima cha mchanga..." Kocha alitazama maji. "Kile nilikisahau."

"Na maelezo yake ya uongo, ulimwandikia wewe?"

"Hapana! Nilikwenda kumpigia magoti. Yeye ndiye aliyeniambia. Alisema, 'Rudisha maboya, nitasema kosa langu. Mama asijue.' Ndivyo alivyosema. Mama asijue."

"Nawe ukaona nafuu imekushukia toka mbinguni." Afande alimsogelea mpaka wakawa uso kwa uso. "Mtoto amelala na shingo ya chuma, amekupa mgongo wake uegemee, na wewe umeegemea. Ukapiga pasi. Leo saa tisa mama huyo huyo anakuja kusogeza maboya yale yale, kwa sababu wewe na uongo wako mmemhakikishia kwamba kina ndicho kilichomvunja mwanawe. Na utamtazama tu?"

Afande alimnyooshea kalamu.

"Andika hayo uliyosema. Weka sahihi."

"Siandiki," alisema Kocha, akatazama pembeni. "Mwenyewe ameshaandika. Ni neno langu na lake, na yote mawili yanasema kina."

Afande alimpigia mkuu wa kituo palepale. Mazungumzo yalikuwa mafupi. Majeruhi ni mtu mzima, amekiri, na huwezi kufunga ziwa zima kwa sababu ya rangi kwenye saruji, alisema mkuu. Lete maelezo mapya ya majeruhi, ama lete jalada. Saa iliyotundikwa kwenye nguzo ya gati ilionyesha saa saba na nusu.

"Baki hapa na Fundi," alimwambia Koplo. "Mtu akigusa boya, mwandikeni jina, mchelewesheni, mwongopeeni, mfanye mnavyojua. Na safari hii, Koplo, uliza maswali."

* * *

Mama yake Tiara alikuwa akimlisha uji kwa kijiko. Alikuwa mwanamke mnene mwenye mkoba mkubwa mapajani na simu juu ya mkoba, na alipomwona Afande aliweka bakuli chini kama mtu anayejiandaa kwa vita.

"Hatimaye! Siku sita mnazunguka tu. Yule kocha mmemkamata?"

"Bado, mama."

"Bado! Nilimwandikia. Kwa mkono wangu mwenyewe nilimwandikia asogeze ule mstari, akanipuuza. Angenisikiliza, mwanangu angekuwa amesimama. Mtu anapuuza wazazi, anaacha watoto wanavunjikia huko mbali, halafu yupo nje anapunga upepo. Leo nakwenda mwenyewe. Wenzangu wameshatangulia."

Tiara alikuwa amelala chali. Pete ya chuma ilikuwa imemshika kichwa, vyuma vinne vikishuka mpaka mabegani, asiweze kugeuka kulia wala kushoto. Miguu ilikuwa imeanza kusikia, daktari alisema; ya kushukuriwa ilikuwa helmeti, ambayo daktari aliambiwa haikuvaliwa. Macho yake yalimgeukia Afande, na Afande aliona kwamba ameshaelewa.

"Mama," alisema Afande, "naomba dakika tano na binti peke yetu."

"Peke yenu kwa nini? Mimi ndiye mama yake. Sitoki."

"Mama, toka kidogo," alisema Tiara.

"Sitoki, nimesema."

Afande alivuta kiti. Alitamani mama yule atoke, kwa kweli alitamani. Lakini saa ilikuwa nane na robo.

"Tiara. Nimeiona helmeti yako ya bluu. Nimelishika jiwe la boya la nne."

"Nilishaandika maelezo yangu."

"Nimeyasoma. Ulianguka kwenye kina kiasi gani?"

"Nilishaandika!"

"Saa tisa wanaingia watoto kumi na mmoja. Mdogo ana miaka kumi na miwili. Mstari utakuwa kwenye mita arobaini. Unakijua kilima kile kuliko mimi."

"Afande, usinifanyie hivi." Machozi yalimtoka yakateremka masikioni, kwa sababu hayakuwa na njia nyingine. "Nakuomba. Andika ni mimi. Mimi nimeridhika, wewe inakuuma nini?"

"Inaniuma. Kina kiasi gani, Tiara?"

"Kuna nini hapa?" Mama aliwatazama kwa zamu. "Kilima gani? Mtoto mgonjwa unamliza kwa nini?"

"Mapajani," Tiara alisema kwa ukali, akiiambia dari. "Maji yalikuwa mapajani. Umefurahi sasa?"

"Mapajani?" Mama alishangaa. "Huko mbali kote, mapajani? Mbona Kocha alisema mita tatu? Mapajani ni pale karibu, ni pale nilipo..."

Akaacha. Kijiko kilikuwa bado mkononi mwake.

"Ni pale nilipomwambia ayalete," alisema polepole. "Lakini hakuyaleta. Alinipuuza."

Afande aliinamia jalada lake. Halikuwa lake kulisema.

"Hakukupuuza, Mama," alisema Tiara.

Simu ililia. Ilikuwa juu ya mkoba, ikitetemeka, na mama aliitazama kama kitu asichokijua. Ililia mpaka ikakata, ikaanza tena. Safari ya pili aliipokea. Sauti ya mwanaume mchangamfu ilisikika chumba kizima: mwenyekiti, tumeshakodi mashua nyingine, kuna koplo mmoja msumbufu hapa anatuuliza maswali mia, lakini jiwe la kwanza tumeshalivuta, tulitue wapi?

"Rudisheni," alisema mama.

Sauti ilisema haikusikia vizuri.

"Rudisheni jiwe! Mmetoka majini? Tokeni majini wote! Hakuna mtoto anayeingia leo!" Alikuwa amesimama, bakuli la uji limemwagika kitandani, na alipiga kelele mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. "Unaniuliza kwa nini? Kwa sababu mara ya kwanza aliyasogeza! Aliyasogeza kwa amri yangu mimi, na aliyeingia ni mwanangu!"

Aliishusha simu bila kuikata. Alikaa. Mkono wake ukatafuta mkono wa binti yake juu ya shuka lililoloa uji, ukaukuta, ukaushika.

Tiara alianza kumtukana Afande. Hakuweza kumgeukia, kwa hiyo alimwaga matusi akiitazama dari: mshenzi, katili, siku sita nimelibeba hili mwenyewe, nani alikutuma, ulikuwa unataka nini kwetu. Yote yalikuwa haki yake, na Afande aliyapokea akiwa amesimama miguuni pa kitanda. Yalipopungua alifungua jalada kwenye ukurasa mweupe, akaandika tarehe, akaandika saa nane na dakika thelathini na tano, akasubiri binti awe tayari kusema.